Kitanzi Kisichonyonga

Kipande nambari thelathini na saba
kilirudishwa kiwandani siku ya Alhamisi,
kimefunikwa turubai kama mgonjwa,
na kikaratasi chenye maneno mawili: milimita nne.

Mimi Wiebke, mpinda mabomba, mwaka wa kumi na tisa
katika karakana hii ya Westfalia,
nilisoma, nikavua glavu, nikatukana.
Milimita nne! Hazifiki unene wa sarafu mbili.
Nani, akiwa kichwa chini miguu juu,
anamwita mama yake kwa sauti asiyoijua,
atazihesabu milimita nne?

Ijumaa akaja mwenye mchoro, Bwana Quast,
kwa treni ya alfajiri:
mkoba, mwavuli, viatu vya kanisani.
Hakugomba. Aliomba chaki,
akapiga magoti juu ya sakafu yangu yenye grisi
akachora duara.

"Hili ndilo walilolijenga wa mwanzo.
Duara kamili, zuri kama pete.
Watu waliingia wakicheka
wakatoka wameshika shingo.
Maana pale chini, penye kasi,
duara halibishi hodi.
Hukubwagia uzito wa watu sita
hujamaliza hata kuvuta pumzi."

Kumbe jina halikukosea. Kitanzi.

Akalifuta kwa kiganja, akachora tena:
chini pana, pana,
likipanda likijikunja kidogo kidogo,
juu jembamba,
chozi lililosimama wima.
"Chini mtu ana mbio, mpe nafasi.
Juu mbio zimemwishia; mkunje upesi,
kabla hajakumbuka kwamba anaogopa."

Kisha akanyoosha kidole hewani,
pale ambapo kifua cha abiria kingekuwa.
"Na reli inapojisokota kama skrubu,
usisokote kwa kufuata chuma.
Fuata moyo.
Reli ipande, ishuke, iuzunguke,
moyo ubaki kwenye njia yake,
kama mwenye nyumba
anayepinduliwa nyumba nzima
na chai yake haimwagiki."

Milimita nne, kwa mwendo ule, alisema,
ni kofi.

Siku mbili nilikibembeleza kile kipande,
nusu nyuzi, tena nusu nyuzi,
bomba likilalama kati ya magurudumu ya mashine,
nami nikilalama zaidi.

Mei wakawajaza maji wanasesere wa plastiki,
wakawafunga mikanda, wakawatuma.
Abiria wasio na mama.
Walirudi wote, mmoja akivuja begani.

Ndipo Bwana Quast akanikabidhi mwavuli,
akaketi kiti cha mbele, peke yake.
Mimi hata kubadilisha balbu
namwita jirani anipandie kiti.
Aliye juu mngoje chini, basi nilimngoja.

Mnyororo ukambeba, tak, tak, tak.
Kupanda ni kazi ya mnyororo;
kushuka ndio ngoma.
Akaanguka, akapotea, akaibuka,
na kule juu ya chozi, nusu sekunde,
mtu mzima wa kilo tisini
hakuwa na kilo hata moja.
Dunia ikipinduka, mifuko hukiri:
ufunguo, sarafu tatu,
peremende ya mnanaa ndani ya karatasi yake,
vyote vikanidondokea majanini.

Alipopita kwenye thelathini na saba yangu
nilitega sikio. Kimya.
Hiyo ndiyo sifa pekee tunayopewa
sisi wapinda mabomba.

Akashuka, nywele zimesimama,
akageuza shingo kushoto, kulia,
kama anayejaribu kola ya shati jipya.

"Mbili," akasema.

"Mbili nini?"

"Milimita. Zimebaki mbili."

Nilimrudishia mwavuli, ufunguo, na sarafu zake.
Peremende niliila mimi.